Sayari za mawe zimerithi nini kutoka kwa nyota zao? Tuanzie na jiwe la Ivuna

Mwalimu_Vwawa (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu kijiji cha Ndolezi kukiona Kimondo cha Mbozi. Waliofika pale wanalijua lile pande la chuma: urefu wake kama mita tatu, limelala ndani ya shimo lililochimbwa kulizunguka, na uso wake una vishimo vingi kama unga uliokandwa ukabonyezwa kwa vidole gumba. Kulikuwa na ubaridi wa asubuhi. Binti mmoja akaweka kiganja juu ya chuma, akakiacha pale mpaka wenzake wakaanza kumhimiza aondoke, ndipo akaniuliza: "Mwalimu, hiki kimetoka kwenye jua?"

Wenzake wakacheka. Nikawanyamazisha, maana swali lile wapo watu wenye darubini kubwa kabisa duniani wanaolihangaikia hadi leo. Wanaliuliza hivi: vilivyomo ndani ya sayari ya mawe vinafanana kiasi gani na vilivyomo ndani ya nyota yake? Nilimwahidi jibu. Nilipokaa kuliandaa likanizidi kipindi cha dakika 40, nikaona niliweke hapa tulijadili.

Songwe yetu ina vimondo viwili vya kujivunia. Cha Mbozi kinajulikana. Cha pili kilianguka Ivuna, wilaya ya Momba, upande wa Ziwa Rukwa, tarehe 16 Desemba 1938. Kile cha Mbozi ni cha tani nyingi. Cha Ivuna vipande vyake vyote havikufika kilo moja, ni gramu 705. Ni jiwe jeusi, laini, lenye madini ya udongo na maji yaliyoshikwa humo ndani. Mawe ya namna hii yakilowa humeguka yakawa tope, kwa hiyo kupatikana kwake mwezi Desemba, mvua zikiwa mlangoni, ni bahati kubwa.

Sasa sikilizeni. Wataalamu wa vimondo wana kundi wanaloliita CI. Hiyo herufi I ni Ivuna. Vimondo vya kundi hilo vilivyoonwa vikianguka vikaokotwa ni vitano tu: viwili Ufaransa, kimoja India, kimoja Kanada, na hiki chetu ndicho kilicholipa kundi jina. Japani ilipoleta punje za mchanga kutoka kwenye asteroidi (jiwe kubwa linalozunguka jua) iitwayo Ryugu mwaka 2020, gramu 5.4, zilipopimwa wakasema zinafanana na mawe ya aina ya Ivuna. Jina la kijiji cha Momba linatajwa kwenye maabara za Tokyo na Houston, na watoto wetu wanaolala kilomita chache kutoka pale hawajui.

Kwa nini jiwe hili lina thamani hivyo? Kwa sababu ndilo linalokaribia kuliko mengine kuwa kipande cha jua kilichoganda.

Muundo wa jua tunausoma kwenye mwanga wake. Darasani huwa nachovya waya kwenye maji ya chumvi, nauweka kwenye moto wa spiriti. Moto unageuka njano kali, darasa zima linashtuka. Njano ile ni sodiamu. Ukiutawanya mwanga wa jua kwenye rangi zake, pale pale penye njano hiyo utakuta mistari miwili myeusi imesimama karibu karibu: sodiamu iliyo kwenye anga la jua imeunyonya mwanga wa rangi yake. Kirchhoff na Bunsen walilitambua hilo Heidelberg mwaka 1859, na tangu hapo kila elementi inasomwa kwa mistari yake. (Ivuna yenyewe ni mahali pa chumvi, watu wamechemsha chumvi pale kwa karne nyingi. Kila nikifanya jaribio lile nakumbuka hilo.)

Basi, pima Ivuna kwenye maabara: chuma, magnesiamu, silikoni, kalsiamu, alumini, nikeli. Kisha soma elementi hizo hizo kwenye mwanga wa jua. Uwiano unakaribiana sana, elementi moja baada ya nyingine. Zinazoachana zina sababu. Hidrojeni na heliamu, ambazo Cecilia Payne alionyesha mwaka 1925 kwamba ndizo karibu nyota nzima, ni gesi, haziwezi kukaa kwenye jiwe. Lithiamu nayo jua limeiunguza lenyewe, imebaki chini ya sehemu moja ya mia ya ile iliyomo kwenye vimondo hivi.

Jua na sayari zake vilitoka kwenye wingu moja la gesi na vumbi miaka bilioni 4.6 iliyopita. Wingu lilipopoa, chuma, magnesiamu na silikoni viliganda kuwa punje kwenye joto linalokaribiana sana, kama nyuzi 1,040 hadi 1,060 za Selsiasi. Kwa kuwa viliganda karibu pamoja, hakikupatikana kimoja cha kuachwa nyuma, na uwiano wake ukahifadhika. Na hivyo vitatu pamoja na oksijeni vinabeba zaidi ya asilimia 90 ya uzito wa Dunia yetu. Ukichukua chuma na magnesiamu ya jua ukakadiria kiini cha chuma cha katikati ya sayari itakayotoka humo, unapata kama theluthi ya uzito wake. Kiini halisi cha Dunia ni asilimia 32 hivi.

Hadi hapo kila kitu kinapendeza. Sasa je, kwa nyota nyingine ni hivyo hivyo? Naomba mchango wenu, nami nitaendelea.

Kisiki_Mkavu

Natia nanga hapa. Mkuu, sikujua habari ya Ivuna kabisa, na nimezaliwa Tunduma.

BintiNuru

Shikamoo mwalimu. Mimi nakwama hapa: nyota tunaiona, sawa, tunasoma mwanga wake. Sayari ndogo ya nyota nyingine haionekani hata kwa darubini. Mnajuaje imetengenezwa kwa mawe, na mnajuaje ina chuma kiasi gani?

Mwalimu_Vwawa

Marahaba binti. Hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu, kwa hiyo nisipite haraka.

Kwanza ni kivuli. Sayari ikikatiza mbele ya nyota yake, mwanga wa nyota unapungua kidogo. Dunia ikikatiza mbele ya jua, anayetazama kutoka mbali angeona mwanga umepungua kwa sehemu 84 katika milioni moja. Chombo cha Kepler kilichorushwa 2009 na TESS cha 2018 vilitengenezwa kuhesabu upungufu mdogo namna hiyo. Ukijua ukubwa wa nyota, kivuli kinakupa ukubwa wa sayari.

Pili ni mtikisiko. Sayari inapoizunguka nyota, nyota nayo inayumba kidogo, na mistari ile ya kwenye mwanga inasogea huku na huku. Dunia inaliyumbisha jua kwa sentimita 9 hivi kwa sekunde, mwendo wa kobe. Vyombo kama HARPS na ESPRESSO kule Chile vinapima mtikisiko wa namna hiyo kutoka umbali wa miaka mingi ya nuru, ingawa ule wa sentimita 9 bado ni mdogo mno kwao. Hapo unapata masi ya sayari.

Masi gawanya kwa ujazo, unapata densiti. Dunia ni gramu 5.5 kwa sentimita moja ya ujazo. Sayari ndogo ikiwa na densiti ndogo sana, ina gesi au maji mengi. Ikikaribia ya Dunia kwa ukubwa wake, ni mawe na chuma. Ikizidi sana, chuma ni kingi.

Ila mtu akikosea nusu kipenyo cha sayari kwa asilimia 3, ujazo anaukosea kwa kama asilimia 9, kwa sababu nusu kipenyo kinajizidisha mara tatu. Shikeni hilo, maana mabishano yote ya mbele yanasimama juu yake.

Karasha_la_Chunya

Mwalimu heshima yako. Mimi ni mchimbaji, na naomba niseme kama mchimbaji. Uzito haukwambii kilichomo. Nimebeba mawe mazito mengi maishani ambayo hayakuwa na dhahabu hata chembe. Jiwe tunaliponda, tunalipeleka kwenye karasha linasagwa, unga unapita kwenye mwalo wa kuoshea, hapo ndipo unasema lina kitu au halina. Na hata marudio yake, yale mabaki, tunayapima tena. Sasa ninyi mmepima uzito na ukubwa mkasema kiini ni asilimia kadhaa?

Mwalimu_Vwawa

Mzee wangu, umegonga penyewe. Densiti ni namba moja, na namba moja haiwezi kukutajia vitu vitatu. Sayari yenye kiini kikubwa ikafunikwa na maji kidogo inaweza kutoa densiti ile ile ya sayari yenye kiini cha wastani isiyo na maji. Ndiyo maana watu wakaanza kuiegemea nyota: kama densiti haitoshi, tuseme sayari ina uwiano wa chuma, magnesiamu na silikoni sawa na wa nyota yake, kisha tupige hesabu kutoka hapo. Caroline Dorn na wenzake Uswisi walifanya hivyo mwaka 2015, na wengi wakafuata.

Ila ile "tuseme" ilikuwa inadai kupimwa. Ukiikubali bila kuipima, utakuwa unaitumia nyota kuijua sayari, halafu unasema sayari inafanana na nyota. Unazunguka mti ule ule.

Aliyeipima kwa makini ni Vardan Adibekyan, yuko Porto nchini Ureno, na wenzake. Kazi yao ilitoka Oktoba 2021 katika jarida la Science. Walichagua sayari 22 zilizopimwa vizuri kuliko nyingine, zote chini ya masi kumi za Dunia, wakazisoma nyota zake upya kwa njia moja ili vipimo visipishane. Kwa kila sayari wakatafuta sehemu ya chuma inayoonyeshwa na densiti. Kwa kila nyota wakapiga hesabu ya sehemu ya chuma ambayo vumbi lake lingekuwa nayo. Kisha wakaziweka kwenye grafu moja.

Undugu upo. Nyota yenye chuma kingi ina sayari yenye chuma kingi. Ila mstari haukwenda moja kwa moja kama ungetarajia: mteremko ulikuwa zaidi ya 4, maana yake nyota ikiongeza chuma kidogo, sayari inaongeza mara nne na zaidi. Na zilikuwepo sayari chache zilizojitenga juu kabisa, zenye chuma kingi kama Utaridi wetu. Wakaziita Utaridi kubwa.

BintiNuru

Kumbe Utaridi nayo iko hivyo? Mimi nilijua sayari za mawe hapa kwetu zote zinafanana.

Mwalimu_Vwawa

Hapana binti, na hii ndiyo dalili ya kwanza kwamba mambo si mepesi. Jua ni moja. Lakini kiini cha Dunia ni asilimia 32 ya uzito wake, cha Mirihi kama 25, na cha Utaridi kama 70. Mwezi wetu kiini chake ni kidogo sana, hakifiki asilimia 2 au kinaikaribia tu. Wote ni watoto wa wingu moja.

Mfipa_wa_Nkansi

Naomba nichangie kwa kile ninachokijua. Kwetu Ufipa bado yapo malungu, zile tanuri ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, nyingine zimezidi kimo cha mtu. Babu mzaa mama aliwahi kuhudumia tanuri akiwa kijana. Alikuwa akisema kwamba mtapo (mawe yenye chuma) ule ule, wa shimo lile lile, siku moja unakupa donge la chuma la kutosha majembe, siku nyingine unafungua tanuri unakuta mavi ya chuma matupu, yale makapi ya kuyeyusha. Alikuwa anasema kosa liko kwenye makaa na upepo, udongo hauna kosa. Upepo ukiingia vibaya, chuma hakitoki kwenye jiwe, kinabaki kimejificha kwenye mavi.

Nimesoma huu uzi nikamkumbuka. Hivi sayari nayo si tanuri?

Mwalimu_Vwawa

Mkuu, nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilitaka kuandika aya ndefu juu ya jambo hili, umenipunguzia.

Ndiyo, ni tanuri. Sayari changa huyeyuka kwa joto la migongano na la elementi zenye mnururisho. Chuma kilicho huru, kwa kuwa ni kizito, kinazama katikati na kuwa kiini. Chuma kilichoshikana na oksijeni kinabaki juu, ndani ya mawe ya mantili (tabaka linalozunguka kiini), kama kile cha babu kilichobaki kwenye mavi ya chuma. Dunia ina oksidi ya chuma kama asilimia 8 kwenye mantili yake. Mirihi ina karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kiini cha Mirihi kuwa kidogo hakumaanishi Mirihi ilikosa chuma kwa kiasi hicho chote. Kingine kimekaa kwenye mawe. Na ule wekundu wa uso wake ni kutu.

Tazameni mfumo wa TRAPPIST-1, miaka 40 hivi ya nuru kutoka hapa. Kuna sayari saba, zote za ukubwa wa kukaribia Dunia. Mwaka 2021 Eric Agol na wenzake walitoa vipimo bora kabisa, wakakuta densiti za zote saba zinafuata mstari mmoja, na zote ni pungufu kwa kama asilimia 8 ukilinganisha na sayari iliyoundwa kama Dunia. Inaweza kuwa chuma chao ni kidogo, asilimia 21 hivi badala ya 32 ya kwetu. Inaweza kuwa wana chuma cha kawaida lakini kingi kimeshikwa na oksijeni. Au wana maji. Nyota yao ni kibete nyekundu, yaani nyota ndogo na baridi, mwanga wake umejaa mistari ya molekuli mpaka kuusoma vizuri ni shida, kwa hiyo nyota haitusaidii kuamua.

Kwa hiyo nyota inatuambia mtapo uliingia kiasi gani. Kilichotokea ndani ya tanuri haitujulishi.

Takwimu_Tu

Mwalimu, hongera kwa uzi, lakini nina shaka na ile grafu ya 2021, na nitasema wazi.

Fikiria unapima urefu wa wazazi na wa watoto wao ili ujue urefu unarithiwa kiasi gani. Sasa futi yako imelegea, inakosea kwa mzazi na inakosea kwa mtoto. Ukitumia njia ya kawaida ya kuchora mstari, ambayo inachukulia kwamba kipimo cha mzazi hakina kosa, mstari unalala. Ukitumia njia inayokubali kosa pande zote mbili, mstari unasimama zaidi. Data ni ile ile, jibu ni tofauti. Kwa sayari hizi kosa lipo pande zote mbili na ni kubwa.

Hili halitoki kichwani kwangu. Mwaka 2024 Casey Brinkman wa Chuo Kikuu cha Hawaii na wenzake walirudia kazi kwa sayari 20. Njia moja iliwapa mteremko wa 1.3, njia nyingine 5.6. Wakakuta pia kwamba asilimia 75 ya sayari zao zina kiini kinacholingana na kile kinachotabiriwa na nyota, ukihesabu ukingo wa makosa. Lile kundi la Utaridi kubwa hawakuliona limejitenga. Kauli yao ni kwamba vipimo tulivyonavyo bado haviruhusu kufunga mjadala.

Kwa hiyo ukisema "mara nne na zaidi" kama jambo lililokwisha thibitika, mimi sikubali.

Mwalimu_Vwawa

Nakubaliana nawe, na nashukuru umeileta na namba zake. Nitarekebisha maandalizi yangu ya darasa: ule mteremko nitauweka kama madai yanayobishaniwa.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja siwezi kuliachia. Kutokuwa na kundi lililojitenga hakuondoi sayari moja moja ambazo zina densiti kubwa kweli. GJ 367 b ina masi kama 0.6 ya Dunia, inaizunguka nyota yake kwa saa 7.7 tu, na densiti yake iliyochapishwa 2023 ni kama gramu 10 kwa sentimita ya ujazo. Hiyo ni karibu chuma kitupu. Na kwenye mfumo wa Kepler-107 kuna sayari mbili zenye ukubwa unaokaribiana kabisa, ila mmoja ana densiti zaidi ya mara mbili ya mwenzake. Nyota ni moja! Hapo huwezi kuisingizia nyota. Aldo Bonomo na wenzake mwaka 2019 walisema maelezo yanayoelekea ni kwamba sayari nzito iligongwa vibaya ikiwa changa, mawe ya juu yakarushwa angani, kikabaki kiini.

Na kugongana kwa namna hiyo si hadithi. Pande tulilolishika Ndolezi lina chuma kama asilimia 90 na nikeli kama 8. Chuma kikijikusanya hivyo kinakuwa kiini, na hakitoki nje mwili ukibaki mzima. Vimondo vya chuma vingi tulivyonavyo vinatoka kwenye miili midogo iliyoyeyuka, chuma kikazama, kisha ikavunjwa kwa migongano mpaka sehemu zake za ndani zikatoka nje.

Ivuna ni mtapo kabla ya tanuri. Mbozi ni donge lililotoka tanurini. Vyote viwili vilianguka mkoa mmoja, na mtu anaweza kulala kijiji kimoja akaamkia kingine.

Karasha_la_Chunya

Mwalimu, swali langu la karasha bado. Hakuna namna ya kusaga sayari tukaona kilichomo?

Mwalimu_Vwawa

Ipo mzee wangu, na haifanywi na mtu.

Nyota kama jua ikifikia mwisho wake inabaki kibete nyeupe, kitu chenye ukubwa wa kama Dunia lakini kizito kama jua au nusu yake. Uvutano wake ni mkali sana, kila kilicho kizito kinazama ndani haraka, kwa hiyo usoni panatakiwa kubaki hidrojeni au heliamu peke yake. Lakini robo yao au zaidi wana kalsiamu, magnesiamu, chuma, silikoni usoni. Vitu hivyo vimetoka wapi? Asteroidi au kipande cha sayari kilisogea karibu mno, uvutano ukakirarua, kikawa vumbi, vumbi likamwagika kwenye nyota. Karasha lenyewe hilo. Unga upo usoni pa nyota, nasi tunausoma kwa ile mistari. Picha ya kwanza ya mwanga wenye dalili hizo ilipigwa mwaka 1917, nyota ya van Maanen, na wakati huo hakuna aliyejua anaangalia mabaki ya mawe ya sayari.

Mwaka 2019 Alexandra Doyle na wenzake wa Los Angeles walitumia vibete vyeupe sita kupima jambo lile lile la mzee wa Nkansi: chuma kiasi gani kilishikwa na oksijeni kabla mawe hayajasagwa. Wakakuta mawe yale yanakaribiana na ya Dunia, Mirihi na asteroidi za kwetu.

Kazi iliyonigusa zaidi ni ya Amy Bonsor wa Cambridge, 2021. Alitafuta nyota mbili zilizozaliwa pamoja, moja ni kibete nyeupe iliyomeza mawe, nyingine bado ni nyota ya kawaida. Ya kawaida inakwambia wingu lilikuwa na nini. Kibete inakwambia mawe yalikuwa na nini. Alipolinganisha, vililingana ndani ya ukingo wa makosa. Ni jozi moja tu, lakini pale hakuna kukisia kutoka kwenye densiti. Ni unga na mtapo, umevipima vyote.

Kisiki_Mkavu

Aisee. Sasa niulize kinyume chake. Kama nyota inameza mawe, je zile nyota za kawaida tunazozisoma tunajuaje chuma chake ni cha kuzaliwa nacho? Haiwezi kuwa nyota nayo imekula sayari zake?

Mwalimu_Vwawa

Swali zuri mno hili. Inawezekana, na limepimwa. Fan Liu na wenzake walilinganisha jozi 91 za nyota pacha, wakachapisha 2024 katika Nature. Pacha waliozaliwa pamoja wanatakiwa kulingana. Kama nyota moja katika kila kumi na mbili ilikuwa na ziada ya elementi za mawe kuliko pacha wake, dalili kwamba ilimeza sayari au vipande vyake.

Na jua letu lina kisa cha upande wa pili. Mwaka 2009 Jorge Meléndez na wenzake walilinganisha jua na nyota zinazofanana nalo, wakakuta jua limepungukiwa elementi za mawe kwa kama asilimia 20. Walipendekeza kwamba upungufu huo ulifungiwa kwenye sayari za mawe, kwamba kile kisichoonekana juani ndicho tunachokikanyaga. Wengine wana maelezo mengine, na mimi sitaegemea upande. Ila kila nikilifikiria wazo lile huwa nasimama kidogo.

Takwimu_Tu

Basi kinachohitajika ni nusu kipenyo bora na masi bora ya sayari, siyo grafu nyingine ya sayari zile zile ishirini. Wazungu wa ESA, shirika la anga la Ulaya, wanaandaa chombo kinaitwa PLATO, kina kamera 26, lengo lake ni kupima nusu kipenyo cha sayari kama Dunia kwa usahihi wa asilimia 3 hivi na masi kwa asilimia 10. Data zake zikija, ule mteremko utajulikana ni 1 au ni 5.

BintiNuru

Mwalimu, na yule binti wa Ndolezi ulimjibu nini?

Mwalimu_Vwawa

Nilimwita ubaoni Jumatatu. Nilimwambia kwamba kimondo hakikutoka juani, kilitoka kwenye vumbi lililobaki jua lilipokwisha kukusanya lake. Akanitazama kama mtu aliyepewa nusu ya chenji.

Nikaona nimpe namba. Nikamwandikia sayari mbili za Kepler-107 kwa vipimo vya Dunia. Ya kwanza masi 3.5, nusu kipenyo 1.54. Ya pili masi 9.4, nusu kipenyo 1.60. Nikamwambia densiti ya Dunia ni 5.5, endelea. Hana kikokotoo, alizidisha kwa mkono, chaki ikamkatikia mara mbili. Ya kwanza akapata kama 5.3. Ya pili akapata kama 12.6, akafuta, akarudia, akapata 12.6 tena.

Akageuka akauliza, "Nyota yao ni moja?" Nikamwambia ni moja. Akauliza tena kama nina uhakika nimemwandikia namba sawasawa. Nikampa karatasi yangu aangalie mwenyewe. Aliisoma, akairudisha, akaenda kukaa. Kengele ilipolia alikuja mezani kuniuliza safari ya Ivuna itakuwa lini. Nauli ya basi la wanafunzi 38 kutoka Vwawa hadi kule bado natafuta, mwenye gari au mchango anitumie ujumbe wa ndani.